Nyumba hatuifikii, gari wengi hatulihitaji: tusiviweke kapu moja

Wakuu, salaam.

Kila mjadala kuhusu vijana na mali ukianza, hukumu hutangulia ushahidi: vijana wa siku hizi wanapenda starehe, hawajui kuweka akiba, hela yao inaishia kwenye simu na safari. Nimeyasikia haya kwa wazee, kwa mabosi kazini, hata kwa vijana wenzangu waliowahi kupata. Mimi nina miaka 36. Nimekaa nyumba za kupanga miaka 13. Gari niliwahi kuwa nalo, nikaliuza. Jambo hili nimelisoma, nimelipigia hesabu na limeshaninyima usingizi, kwa hiyo leo tulizungumze kwa kirefu. Uzi ni mrefu, na humo nawajibu pia baadhi ya waliochangia kwenye maoni hapo chini, mniwie radhi.

Kwanza ninachokipinga. Nyumba na gari hutajwa pamoja kama pete na kidole, kana kwamba kutonunua vyote viwili ni ugonjwa mmoja. Ni mambo mawili. Nyumba vijana wanaitaka na hawaifikii. Gari, wengi hawalihitaji kama baba zao walivyolihitaji, na wale wanaolihitaji kweli linawaelemea. Ukivichanganya, ushauri wako utakuwa mbovu kotekote.

Nianze na nyumba, maana ndiyo inayouma.

Wengi hudhani kinachomshinda kijana ni bei. Kinachomshinda kwanza ni kianzio, yaani ile sehemu ya bei anayotakiwa kuitoa mwenyewe kabla benki haijamkopesha iliyobaki. Kuna watu wanalipa kodi kila mwezi, kwa wakati, kiasi kinachokaribia kabisa rejesho la mkopo wa nyumba ileile wanayoishi. Benki haiwaulizi hilo. Inawauliza wana asilimia ngapi mkononi, 10 au 20 ya bei, na hicho ndicho wasichonacho kwa sababu kodi imeshakila.

Tupige hesabu. Nachukua England kwa sababu takwimu zao ziko wazi na ni za miaka mingi. Mwaka 1997, bei ya kati ya nyumba kule ilikuwa kama mara 3.5 ya mshahara wa kati wa mwaka. Kufikia 2023 ilikuwa imepita mara 8. Sasa tuchukue watu wawili wenye nidhamu ileile: kila mmoja anaweka asilimia 15 ya mshahara wake bila kukosa, na benki inataka kianzio cha asilimia 20.

Wa 1997: nyumba ni mishahara 42 ya mwezi, kianzio ni mishahara 8.4. Kwa mwaka anaweka mishahara 1.8. Anafika baada ya miaka 4 na miezi 8.

Wa 2023: nyumba ni mishahara 96, nikihesabu mara 8 tu bila kilichozidi. Kianzio ni mishahara 19.2. Anafika baada ya miaka 10 na miezi 8.

Miaka sita zaidi, na hakuna mvivu hata mmoja kati yao. Tena nimechukulia kwamba bei imesimama mahali pamoja muda wote huo. Haisimami.

Mimi nina daftari la mistari, jalada la bluu, nililianza mwaka wa nne wa kupanga. Kila ukurasa una safu tatu: tarehe, nilichonacho, ninachohitaji. Nalifungua kila Desemba. Safu ya pili imepanda kila mwaka isipokuwa mwaka mmoja tulipouguliwa nyumbani. Safu ya tatu nayo ikapanda, na miaka mitano ya kwanza ilipanda kwa kasi kuliko ya pili. Yaani nilijibana miaka mitano, nikajikuta mbali zaidi na ule mlango kuliko siku niliyoanza. Kuna Desemba moja niliandika tarehe, nikaandika nilichonacho, safu ya tatu nikaiacha wazi mpaka Februari. Sikuwa na nguvu ya kuijaza.

Kwa hiyo mtu akiniambia vijana hawajui kuweka akiba, namwomba anionyeshe daftari lake.

Naendelea.

Ukishavuka kianzio, unakutana na riba. Marekani, riba ya kawaida ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 ilishuka hadi asilimia 2.65 Januari 2021. Oktoba 2023 ilikuwa asilimia 7.79. Namba hizi ukizisoma tu hazikushtui, zishushe kwenye karatasi. Kopa 100 kwa riba ya asilimia 3, miaka 30: utarudisha kama 152. Kopa 100 hiyohiyo kwa asilimia 7: utarudisha kama 240. Nyumba ni ileile, tofali ni zilezile. Aliyezaliwa miaka mitatu nyuma yako ndiye anayelipa tofauti.

Na kuna jambo la pili hapo ambalo halisemwi sana. Aliyekopa kwa asilimia 3 hauzi nyumba yake, hata kama watoto wamehama na vyumba viko vitupu, kwa sababu akihama itabidi akope upya kwa riba kubwa kuliko hiyo. Kwa hiyo nyumba zinazoingia sokoni zinapungua, na chache zinazoingia zinagombewa. Chama cha madalali wa nyumba cha Marekani hufanya utafiti wa wanunuzi kila mwaka: mwaka 1981 mnunuzi wa mara ya kwanza alikuwa na umri wa kati wa miaka 29. Mwaka 2024 ilikuwa miaka 38. Huyu wa 38 ndiye aliyefanikiwa, wale walioshindwa hawamo kwenye hesabu.

Kuna mkuu hapo chini ameandika kwamba wazazi wake walilipa riba ya asilimia 18 na hawakulia. Mkuu, nakuheshimu, na ni kweli, Oktoba 1981 riba Marekani ilipita asilimia 18. Lakini weka na vipande vingine mezani. Bei ya nyumba ikilinganishwa na mshahara ilikuwa ndogo, kwa hiyo mkopo wenyewe ulikuwa mdogo. Baada ya hapo riba ilishuka kwa miaka mingi, wakawa wanabadilisha mkopo wa zamani kwa mpya wenye nafuu. Na mfumuko wa bei ulikuwa unapandisha mishahara huku deni limeganda palepale. Wazazi wako walipata shida kwelikweli, sibezi. Ila shida yao ilikuwa inapungua kila mwaka. Ya sasa inaanza kabla hujapewa mkopo.

Mwingine ameuliza kwa nini bei zimepanda hivyo. Hili ndilo swali lenyewe, nitalikalia kidogo.

Nyumba zimejengwa chache. Marekani mwaka 2005 zilianza kujengwa nyumba zaidi ya milioni 2. Ukaja msukosuko wa fedha wa 2008, benki kubwa ya Lehman Brothers ikaanguka Septemba, na mwaka 2009 zilizoanza kujengwa zilikuwa kama 554,000. Kampuni za ujenzi zilikufa, mafundi waashi na maseremala wakatafuta kazi nyingine, wengi hawakurudi. Vijana waliokuwa na miaka 20 wakati huo wakaja kutafuta nyumba miaka kumi baadaye, nyumba hazipo. Uingereza nayo, sheria ya 1980 iliwaruhusu wapangaji wa nyumba za serikali za mitaa kuzinunua kwa punguzo kubwa. Karibu nyumba milioni 2 ziliuzwa England. Walionunua walinufaika na siwaonei wivu. Lakini zilizojengwa kuziba pengo zilikuwa chache mno, na mjukuu wa yule aliyenunua leo anapanga kwa mtu binafsi.

Juu ya hapo kuna sheria za mipango miji. Miji mingi ya Marekani imetenga sehemu kubwa ya ardhi ya makazi kwa nyumba ya familia moja tu. Huruhusiwi kujenga ghorofa, huruhusiwi hata nyumba ya familia mbili. Mji wa Minneapolis ulipiga kura Desemba 2018 kuliondoa hilo, ikawa habari kubwa, ujue jinsi lilivyokuwa la kawaida. Na nani huenda kwenye vikao vya mipango miji? Ni mwenye nyumba. Kwake jengo jipya la wapangaji 40 ni kelele, ni foleni, ni bei ya nyumba yake kutetereka. Kijana ambaye angeishi kwenye ile ghorofa hayupo kikaoni kwa sababu hajahamia bado, hana anwani pale, hana kura. Nyumba inapingwa na watu wanaoonekana, na inahitajiwa na watu wasioonekana. Kwangu mimi mzizi uko hapa kuliko kwenye riba, na sijaona kiongozi mwenye ujasiri wa kulisema mbele ya wapiga kura wake wenye nyumba.

Nimeulizwa pia kama vijana wamebadilika, yaani hawapendi tena kumiliki. Watafiti wa Benki Kuu ya Marekani walilichunguza hili na kutoa andiko Novemba 2018. Walichokiona: kizazi cha milenia, yaani waliozaliwa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukikilinganisha na vizazi vya nyuma vikiwa na umri uleule, kilikuwa na kipato kidogo na mali kidogo. Ukishazingatia kipato na umri, mapendeleo yao ya matumizi hayatofautiani sana na ya wazazi wao. Kwa lugha nyepesi, wanapenda walichopenda wazazi, mfuko ndio umetofautiana.

Na wala si wote wamekwama sawa. Uingereza, taasisi ya utafiti wa uchumi ya IFS ilionyesha mwaka 2018 kwamba kati ya vijana wa miaka 25 hadi 34 wenye kipato cha kati, waliokuwa na nyumba zao walishuka kutoka asilimia 65 katikati ya miaka ya 1990 hadi asilimia 27 miaka 20 baadaye. Hawa ni walimu, wauguzi, makarani. Wenye kipato cha juu walishuka pia, lakini si kwa kiasi hicho. Ukimwona kijana wa miaka 28 mwenye mshahara wa kawaida amenunua, muulize kwa upole kianzio kilitoka wapi. Mara nyingi kilitoka kwa wazazi, na wazazi walikipata kwa sababu nao walikuwa na nyumba iliyopanda thamani. Hilo linanisumbua kuliko yote niliyoandika hapa. Tunarudi kwenye zama za kumiliki kwa kuzaliwa, huku tukimwambia aliyekosa kwamba ni uvivu.

Sasa gari.

Hapa nakubaliana na wazee kwa kiasi: kuna kilichobadilika kweli. Chuo Kikuu cha Michigan kilifuatilia leseni za udereva Marekani. Mwaka 1983, vijana wa miaka 16 wenye leseni walikuwa asilimia 46. Mwaka 2014 walikuwa kama asilimia 24. Japani wana neno lake kabisa, "kuruma banare", kujitenga na gari. Lakini Japani hiyohiyo, katika sehemu nyingi na hasa mijini, huwezi kusajili gari bila kuthibitisha kwamba una mahali pa kuliegesha, na treni inakufikisha kwa dakika unayoijua. Kijana wa Tokyo asiyenunua gari hajapoteza kitu.

Zamani gari lilikuwa ndiyo njia ya kuwaona marafiki, kutoka nyumbani, kuwa mtu mzima. Simu imechukua sehemu ya kazi hiyo. Uber ilianza kubeba abiria San Francisco mwaka 2010, baada ya hapo karibu kila mji mkubwa ukawa na huduma ya kuita gari kwa simu. Usipohitaji kulipanda kila siku, kulimiliki ni kulilipia likiwa limelala. Marehemu Donald Shoup, profesa aliyetumia maisha yake ya kazi kuchunguza maegesho, alizoea kukumbusha kwamba gari la kawaida hukaa limeegeshwa kama asilimia 95 ya muda wake.

Mimi nilithibitisha kwa macho. Nilikuwa na gari miaka minne. Mwaka wa tatu fundi aliniita pale gereji, akainama, akaniambia nipapase tairi ubavuni. Nikapapasa. Mpira ulikuwa umepasuka nyufa ndogondogo, nyembamba kama nywele, tairi zima. Vijino vya juu vilikuwa bado virefu, havijaliwa. Akasema, "Hii haijaisha kwa kutembea, imeisha kwa kukaa juani." Nikanunua matairi manne mapya kwa gari ambalo nililiendesha siku mbili kwa wiki. Bima nililipa ya wiki nzima, maegesho ya mwezi mzima. Mwaka uliofuata nikaliuza, na ile safu ya pili ya daftari ikaruka kwa mara ya kwanza.

Lakini sitaki mtu atoke hapa akidhani nawaambia watu wauze magari. Dada mmoja mchangiaji ameeleza kwamba yeye ni muuguzi, zamu yake inaisha saa nane usiku, na basi la mwisho linaondoka saa nne. Huyo gari si anasa, ni kitendea kazi. Na watu wa aina yake ndio walioumizwa zaidi. Mwaka 2021 viwanda vilikosa vijisehemu vya elektroniki, magari mapya yakaadimika, watu wakakimbilia yaliyotumika. Marekani bei za magari yaliyotumika zilipanda kwa asilimia 45 ndani ya mwaka mmoja hadi Juni 2021. Yaani ngazi ya chini kabisa, ile ya mwenye kipato kidogo, ndiyo iliyokatwa. Siku hizi kuna mikopo ya gari ya miezi 84. Miaka saba unalipa kitu kinachoshuka thamani tangu siku ya kwanza, na mwaka wa sita unalipa rejesho na spea kwa pamoja. Maji yanazidi unga hapo.

Kuna mahali nyumba na gari vinakutana, nisiliache. Nyumba ambayo kijana anaimudu mara nyingi iko mbali, kwa sababu karibu na kazi hakujengwi. Akihamia mbali anahitaji gari, pengine mawili kama wako wawili. Kile alichookoa kwenye bei ya nyumba kinaishia kwenye mafuta na saa mbili za barabarani kila siku. Watu hupiga hesabu ya rejesho peke yake, wakishahamia ndipo wanaijua gharama nzima. Kabla hujasaini, jumlisha nyumba na usafiri kama bili moja.

Mkuu mwingine amesema tuache kulalamika, mbona Ujerumani watu wengi wanapanga na maisha yanakwenda. Ni hoja nzuri. Ujerumani zaidi ya nusu ya watu ni wapangaji, Uswisi ndiyo usiseme. Lakini tazama wanapangaje. Ujerumani mkataba wa kawaida hauna mwisho, na mwenye nyumba hawezi kukuondoa bila sababu inayotambuliwa na sheria, kwa mfano kwamba anaihitaji nyumba kwa ajili yake au familia yake. Vienna, mji mkuu wa Austria, kama nusu ya wakazi wanaishi kwenye nyumba za manispaa au za ushirika. Kupanga kwa namna hiyo ni makazi.

Kwangu haikuwa hivyo. Mara ya mwisho kuhamishwa nilipata ujumbe kwenye simu saa tatu usiku: siku 60, nyumba inauzwa. Wiki mbili kabla nilikuwa nimepaka rangi chumba cha mtoto, kwa ruhusa, kwa hela yangu. Rangi aliichagua mtoto mwenyewe, ya kijani iliyopauka. Wanunuzi walipokuja kukagua, dalali akawaambia chumba hiki kimepakwa juzi tu. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimembeba mtoto. Ndiyo maana mtu akiniambia "pangeni tu, kumiliki si lazima", namuuliza kwanza: kupanga kwa sheria ipi?

Swali la mwisho nililoona ni la mdogo wetu wa miaka 24, anasema kama hali ndiyo hii basi hakuna la kufanya, ni zama tu. Mdogo wangu, hapana. Tazama Singapore. Walianzisha shirika la nyumba la serikali, HDB, mwaka 1960. Leo kama asilimia 80 ya wakazi wanaishi kwenye nyumba zake, na familia karibu tisa kati ya kumi zinamiliki makazi yao, ingawa kwa hati ya miaka 99. Nchi hiyohiyo tangu 1990 inakutaka ununue kibali kwa mnada kabla ya kumiliki gari, kibali cha miaka 10, na kina gharama kubwa mno. Kwa hiyo nyumba wanazo, magari wachache. Vijana wa pale hawakuzaliwa na nidhamu ya ajabu kuhusu nyumba na uvivu kuhusu magari. Watu walikaa mezani wakaamua nyumba ziwe nyingi na magari yawe machache. Nchi nyingi nyingine nazo ziliamua, ziliamua kutojenga, basi tu hazikulitangaza.

Hesabu yangu nimeiweka hapo juu. Mwenye daftari lake naye aweke uwiano tu, bila kutaja fedha wala mahali: bei ni mishahara mingapi, unaweka asilimia ngapi, umebakiza miaka mingapi. Na waliofanikiwa waandike pia, wakitaja kianzio kilitoka wapi. Nitarudi jioni kujibu.